Naenda kuishi Busan mwezi wa pili, jamani kule mtu wa Mtwara anakula nini akashiba?

MtotoWaMikindani:

Habari za jioni wakuu. Mimi ni mtu wa Mikindani, nimepata nafasi ya kwenda kusoma mambo ya uvuvi Busan, Korea Kusini, miaka miwili, naondoka mwisho wa mwezi wa pili inshallah. Viza ipo, tiketi ipo, koti la baridi nimepata la mtumba pale Soko Kuu, kilichobaki ni tumbo tu. Sijui kama naeleweka. Mimi sijawahi kukaa sehemu ambayo nikitaka ugali wa muhogo na samaki siupati, hata Dar nilipokaa miezi sita nilikua nasumbua watu wanaopanda basi wanibebee unga.

Sasa kila ninayemuuliza ananitisha. Mmoja kasema wanakula pweza akiwa hai anatembea kwenye sahani. Mwingine kasema kila kitu nguruwe mpaka supu, na mimi ni Muislamu alafu nafika Ramadhani ikiwa imeshaanza. Mjomba yeye anasema vijiti vyao ni vya chuma vyembamba kama spoku za baiskeli, eti nitarudi nimebaki macho. Na mama huku ameshaanza kupanga sanduku, dagaa, unga wa muhogo, korosho, nyama ya kukausha na maembe mabichi ya kutengenezea achari, nikimwambia mama mizigo ina kilo zake ananiambia kwani huko kilo zinapimwa na nani.

Kuna mtu wa huku kwetu ameshawahi kuishi kule? Sitaki zile za "utazoea tu". Nataka kujua siku ya kwanza ninashuka nina njaa naingia wapi nasema nini.

KoroshoGhafi:

😂😂 Mtu wa kusini unaogopa chakula cha watu? Sisi hapa Newala kuna samaki nchanga (panya) mezani na hatujawahi kufungua uzi kuomba ushauri. Aje Mkorea hapa tumuwekee sahani ya panya wa kukaanga tuone nani atamtisha mwenzake.

Nimekaa paleee nasubiri wajuzi.

Kibua_Busan:

Mdogo wangu karibu sana, mimi wa Chuno, niko Busan mwaka wa tatu sasa hivi. Ngoja niandike kirefu mana mimi nilikuja sina wa kumuuliza.

Tuanze na huyo pweza. Ni kweli yupo, wanamuita san-nakji, ni pweza mdogo mwenye mikono mirefu myembamba, wanamkatakata palepale wanamwagia mafuta ya ufuta na ufuta juu, vipande vinajinyonganyonga kwenye sahani kama havijapewa taarifa. Mimi nilikula mara moja kwa ubishi tu, kile kidude chake cha kunasia kikashika hapa kwenye fizi, nikawa nakivuta kwa ulimi huku machozi yananitoka na wenzangu wa maabara wanapiga meza kwa kicheko. Ukijaribu tafuna, tafuna tena, ndo umeze, mana kuna watu imewakaba kweli sio utani. Ila hakuna anayekulazimisha, ni kitu cha kuagiza mwenyewe na Wakorea wenyewe sio wote wanakula. Pweza wa kuchemsha yupo tele, yule mkubwa anaitwa muneo, wanamkata vipande vyembamba unachovya kwenye pilipili yao nyekundu yenye siki na sukari. Wewe uliyekunywa supu ya pweza Feri tangu uko mgongoni, hapo umeshafika nyumbani, umekosa ndimu tu.

Busan ni mji wa bandari, tena mkubwa. Soko lao la samaki linaitwa Jagalchi na wauzaji wengi ni wamama wa makamo, aproni, buti za mpira, sauti kama za mnadani, nilivyofika mara ya kwanza nilisimama tu nikacheka peke yangu. Chini unachagua samaki anaogelea kwenye tanki, unampandisha ghorofani wanakutengenezea. Sasa mimi nimelipa samaki chini, nimekula, naondoka juu naambiwa nilipe tena, nikaanza kubisha kwa Kiswahili kabisa, kumbe ndo utaratibu, juu unalipia meza na vikolombwezo kwa kichwa. Alafu samaki ambaye ni nembo rasmi ya mji wa Busan anaitwa godeungeo, huyo ni ndugu yake kibua wetu, mnene zaidi na ana mafuta, anapakwa chumvi anachomwa anakuja na wali. Jina langu hapa jukwaani ndo limetoka huko. Wiki zangu mbili za kwanza nilikula huyo tu, mchana na usiku.

Vijiti mjomba kasema kweli, vya chuma na bapa, vinateleza. Ila alichosahau kukwambia ni kwamba wali na supu Wakorea wanakula kwa kijiko. Vijiti ni vya mboga. Kwahiyo hufi njaa, utachelewa tu kwenye mboga. Usivichomeke wima kwenye wali, hivyo ndo wanavyowekea marehemu, na bakuli la wali usilinyanyue liache mezani. Kuna mkubwa mezani msubiri aanze, hilo najua hatuna haja ya kufundishana.

Na mkono haujapigwa marufuku kabisa! Kwenye nyama za kuchoma wanakupa majani, unatandaza jani kwenye kiganja, unaweka nyama, kitunguu saumu kibichi, ile pasti yao, unafunga unasukuma mdomoni tonge zima. Wanasema ukiling'ata nusu hujui kula. Mimi nilivyofunga la kwanza mwalimu wangu akaniuliza umejifunza wapi, nikamwambia kwa bibi, kwenye ugali.

Ukikaa tu mgahawani wanaleta visahani vitano, sita, hujaagiza. Kimchi (kabichi ya kuchachusha na pilipili), mchicha wa ufuta, dagaa wamekaangwa na sukari (ndio, dagaa, wanaitwa myeolchi, tena supu nyingi zinaanzia na maji ya dagaa). Siku ya kwanza mimi nilivirudisha vyote nikasema sio vyangu, nikijua nitapigwa bili. Ni bure. Vikiisha unaongezewa, bure pia. Sehemu nyingi unajiongezea mwenyewe na maji unajichotea. Vijiko usivione mezani ukadhani hawana, vuta droo chini ya meza.

Mhudumu akiwa mama wa makamo watu wanamuita "imo". Nilikua naita tu kama kasuku mpaka siku nikauliza maana yake, kumbe ni dada yake mama, yaani mama mdogo. Nilifurahi sana siku hiyo, mana ni kama sisi tu na mama ntilie wetu.

Sasa kilichoniuma mimi wala sio chakula. Ni kula peke yako. Sehemu nyingi za nyama na za masufuria ya kuchemkia mezani wanauza kuanzia sahani ya watu wawili. Kuna jioni ya mvua niliingia mgahawa mmoja nimelowa, mwenye duka ananyoosha kidole kimoja, "peke yako?" nikaitika kwa furaha, akatikisa kichwa akanionesha mlango. Hakua na ubaya, meza ya watu wanne hawezi kumpa mtu mmoja saa ya biashara. Ila mtu uliyelelewa kwenye sinia, unaambiwa huwezi kula kwasababu huna mwenzio, nilirudi chumbani nikala mkate. Ndo mana nakwambia wiki ya kwanza tafuta mtu kabla hujatafuta mgahawa. Wakikwita kula nenda, hata kama umeshiba.

Na hii muhimu. Watakuuliza "umekula?" asubuhi, mchana, kwenye ngazi. Hiyo ni salamu. Mimi mwezi wa kwanza mwalimu ananiuliza najibu "bado" kwa heshima zote, nasimama nasubiri. Akashangaa, nikashangaa. Mwisho akaninunulia. Nikarudia kesho yake 😅 mpaka Mkorea mmoja wa maabara akanivuta pembeni akanieleza.

Bi_Rahaleo:

Kibua umeeleza vizuri kaka yangu ila suala la nguruwe umeliruka kama shimo, na mwenzio kauliza. Mimi wa Lindi, nimekaa Daegu, mji mwingine wa hukohuko Korea, miaka miwili na nusu, nimerudi. Mwanangu nisikilize mimi hapo.

Hicho chakula Busan inachojulikana nacho kuliko vyote ni supu ya nguruwe na wali ndani yake, dwaeji-gukbap. Migahawa yake iko kila kona na harufu yake ni nzuri, utaifuata mwenyewe. Kwahiyo kabla hujapanda ndege jifunze herufi zao, ni siku mbili tatu tu, sio ngumu kama unavyoziona. Ukijua hizi 돼지, dwaeji, hiyo ni nguruwe, umeokoka nusu ya safari. Nusu nyingine ni vile vinavyojificha. Kimbap, ule wali wa kuviringishwa kwenye mwani, ya kawaida ina kipande cha ham, nyama ya nguruwe, katikati. Mchuzi wa kimchi mara nyingi una nguruwe. Tambi nyeusi za jjajangmyeon sosi yake inapikwa na nguruwe. Mandu ile inayofanana na sambusa ya kuchemsha, nguruwe. Na ukisikia sundae usidhani aiskrimu, ni utumbo umejazwa damu na tambi. Tambi za pakiti nazo unga wa supu yake mwingi una nyama, soma nyuma.

Mimi nilikua mkali, nyama ya nje nilikua sili kabisa, kuku wala ng'ombe, mana hakuna aliyeichinja kwa utaratibu wetu. Wengine wanakula kuku, sitawahukumu. Nilikua naishi kwa samaki wa kuchoma, mayai, tofu, bibimbap (wali wa kuchanganya na mboga) nawaambia wasiweke nyama, uji wa boga. Sentensi ya kukariri: "dwaeji-gogi ppaego juseyo", nitolee nguruwe. Ila usiitegemee sana, wao wakisikia usiweke nyama wanatoa vile vipande vinavyoonekana, supu yenyewe hawaihesabu kama nyama. Nimegombana na supu moja nzuri sana kwa sababu hiyo.

Ramadhani usiogope. Busan ina msikiti, Al-Fatah, uko Namsan-dong wilaya ya Geumjeong, utakutana na Waindonesia, Wauzbeki, Wapakistani, usikae ufuturu peke yako chumbani utalia. Mwisho wa mwezi wa pili jua linazama kama saa kumi na mbili na robo jioni kwahiyo mfungo sio mrefu, ni baridi tu. Daku ni kwenye viduka vile vya usiku kucha, CU, GS25, viko kila mtaa. Mayai ya kuchemsha, ndizi, maziwa, na ule wali wa pembetatu umefungwa kwa mwani, chukua wa samaki jodari wenye mayonezi umeandikwa chamchi. Kuufungua ni mtihani, kuna namba 1, 2, 3 kwenye karatasi, mimi wa kwanza nilivuta ya 2 nikabaki na mwani mkononi na wali sakafuni saa kumi alfajiri.

Ramadhani ikiisha uliza chuoni kama wana kifungua kinywa cha won 1,000. Ni mpango wa serikali tangu 2017, serikali inachangia na chuo kinachangia, mwanafunzi analipa hiyo elfu tu, kama shilingi 1,800 hivi za kwetu. Wahi, vinaisha.

Apu za kuletewa chakula zisahau mwanzoni, zinataka namba ya simu ya kule na kitambulisho cha mgeni, wiki za kwanza huna vyote. Na migahawa mingi unaagiza kwenye mashine yenye skrini mlangoni, nyuma yako foleni inakupumulia, mashine inaongea Kikorea. Piga picha ya chakula unachokiweza, siku nyingine unalinganisha herufi.

Ugali sasa. Ng'ambo kidogo ya Busan kuna mji unaitwa Gimhae, pale Dongsang-dong maduka ya wageni wafanyakazi yamejipanga, hata mimi nilikua natoka Daegu na treni kwenda. Muhogo wa friza unapatikana, nazi ya kopo ipo, nyama ya halali ipo. Unga wa muhogo nilikosa nikanunua ule mweupe wa wanga wa muhogo nikasonga. Usijaribu. Unakua gundi, mwiko ulisimama wenyewe, sufuria niliitupa.

Na takataka! Mabaki ya chakula kule yanatengwa peke yake na unalipia kadri unavyotupa. Ila mifupa, maganda ya mayai na magamba ya chaza hayo sio chakula, yanaenda taka za kawaida. Mwenye nyumba wangu alinigongea mlango ameshika mfupa wa samaki kwa vidole viwili kama ushahidi mahakamani.

MwaniKilwa:

Samahani naingilia. Mmetaja mwani. Mimi nyumbani tunalima mwani, tunaufunga kwenye kamba, tunaanika, mnunuzi anakuja anapima anaondoka. Hivi kweli kuna watu wanaula? Mana sisi huku hata mbuzi akiula tunamfukuza kwa hasara sio kwa afya yake.

Kibua_Busan:

Wanaula kila siku ndugu yangu. Sio aina ile yetu lakini, wa kwetu unaenda viwandani kutolewa kitu cha kugandishia vyakula na dawa za meno. Wao wana gim, ule mwembamba kama karatasi, wana dasima wa kuchemshia supu pamoja na dagaa, na kuna miyeok. Huo miyeok ni wa heshima, mama akijifungua anapewa supu yake, na ndo mana kila mtu siku yake ya kuzaliwa anakunywa supu hiyo kumkumbuka mama yake. Siku ya mtihani hawaigusi, wanasema unateleza utafeli.

Mwaka jana siku yangu ya kuzaliwa, sikumwambia mtu, wakaiona kwenye fomu sijui. Nimefika maabara nimekuta bakuli limefunikwa mezani kwangu, supu ya mwani na kome ndani. Nikanywa. Nikamkumbuka bibi yangu wa Naumbu, kiuno chote kimeisha kwenye mwani, maji yakitoka yuko pwani, na ninavyojua mimi hajawahi kuuweka hata kidogo kwenye ulimi. Nilimpigia simu. Nikamwambia bibi leo nimekula mwani. Kimya. Alafu akauliza, "kwani hela imeisha?"

KoroshoGhafi:

Bibi kamaliza 😂😂😂

MtotoWaMikindani:

Nimesoma zote nimemsomea na mama, hapo kwa bibi amecheka mpaka kakaa chini. Asanteni sana dada na kaka. Sasa sanduku, vipi vile vitu?

Na kitu kingine, vitamu vyao vikoje? Mimi mtu wa sukari.

Bi_Rahaleo:

Nyama toa. Iwe mbichi, imekaushwa, imesagwa, toa, pale uwanja wa ndege wana mbwa na faini yao sio ya kuomba msamaha. Maembe mabichi toa, matunda na mizizi mibichi hawataki kabisa, hata ming'oko usithubutu. Achari ikiwa imeshapikwa na imefungwa vizuri pita nayo. Dagaa wakavu kidogo wa kula mwenyewe, unga, korosho zilizokwisha kubanguliwa na kuchomwa, hivyo sawa ila viandike kwenye ile fomu, usifiche kitu.

Kibua_Busan:

Vitamu vyao sukari ndogo, na vimejaa maharage. Maharage mekundu yaliyosagwa na sukari, kwenye mikate, kwenye barafu ya kiangazi, kila mahali. Baridi ya kwanza nilikuta barabarani baba anaoka vikate vya umbo la samaki, magamba yapo, mkia upo, jicho lipo, mvuke unatoka. Nina njaa, nimekaa siku nne bila samaki. Nikanunua vitatu, nikauma kichwa kwa hamu zote. Maharage ya moto. Ulimi uliungua na moyo ukaungua. Wanaita bungeoppang, bado unavikuta ukiwahi kabla baridi haijaisha, na saivi navipenda, ila naanzia mkiani.

Kama unataka vyenye heshima Busan tafuta hotteok ya mbegu, pale Nampo-dong, ni kama chapati nene ya maji imekaangwa inapasuliwa katikati wanajaza sukari na mbegu za kila aina. Foleni yake inatembea.

KoroshoGhafi:

Mkuu hebu niambie la maana. Korosho huko ziko? Za wapi? Shilingi ngapi?

Kibua_Busan:

Ziko, pakiti ndogo ndogo, supamaketi zote. Ukigeuza nyuma imeandikwa Vietnam. Na wewe unajua Vietnam wananunua ghafi wapi. Nasimama pale kwenye shelfu nazigeuzageuza kama namtafuta ndugu yangu kwenye picha ya pamoja. Bei ukiibadilisha kwa shilingi usimwambie mkulima yeyote Tandahimba, atakata mikorosho.

MtotoWaMikindani, nikuombe kitu. Nina miaka miwili sijala korosho ya kuchomwa kwenye bati, ile yenye weusi weusi na moshi. Kilo moja tu. Mimi nitakupokea uwanjani na siku hiyohiyo nakupeleka kwa imo wangu wa kibua, wako utalipiwa, na tutakua wawili hawatatufukuza.

MtotoWaMikindani:

Mama anasema zimeshaingia motoni. Anabangua hapa nje, moshi umejaa uani hadi jirani kauliza kuna shughuli gani. Zilikua kilo tatu, zako mbili na yangu moja, ila mjomba yule wa spoku amekaa pembeni ya ungo tangu saa tisa na anaonja.

Hesabu moja na nusu kaka.